Alama Tisa kwa Chai Isiyokolea

Desemba iliyopita nilimdanganya mama mmoja mbele ya watu kama sitini, na nilimdanganya kwa kuandika namba. Niliandika 9 kwenye karatasi, nikaiinua juu, watu wakapiga makofi. Chai yake haikustahili tisa. Tukisema ukweli, hata saba ilikuwa mbali. Tangu siku ile nina swali ambalo naliandika hapa ili na wewe msomaji likusumbue kidogo: je, huruma inatupa ruhusa ya kudanganya? Na kama mtu amepika chai yake kwa shida, ni nani mwenye haki ya kuionja na kusema haijakolea?

Nieleze kwanza ilivyokuwa.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma. Si kazi kubwa, ni ile ya kujitolea yenye posho kidogo: mpira, maigizo, kusaidia watoto kusoma, na kutuliza ugomvi unaoanzia kwenye bomba la maji. Msimu wa sikukuu kwetu ni mrefu kuliko kwa watu wengine. Wakristo wengi tunasherehekea Krismasi tarehe 25 Desemba, unakuja Mwaka Mpya, halafu ukidhani mambo yameisha, Wahabeshi wa Orthodoksi wanaanza Krismasi yao tarehe 7 Januari. Majirani Waislamu hawana sikukuu siku hizo, lakini shule zimefungwa kwa wote na watoto wako nyumbani. Kwa hiyo kuna wiki mbili hivi ambazo vijana hawana la kufanya, na kijana asiye na la kufanya, aah, mnajua wenyewe.

Miaka mingine tulikuwa tunachanga pesa ya soda na biskuti. Mwaka 2025 hatukuweza. Mgao ulikuwa umepungua, na kuanzia Agosti nyumba zetu zilikuwa zimepangwa kwenye makundi manne, kulingana na jinsi shida ya kila nyumba ilivyoonekana kwa waliopima. Waliohesabiwa kwamba wanajiweza, hao kundi la nne, hawakupata chakula kabisa. Nitarudi hapo baadaye. Basi tukiwa tumekaa chini ya mti tunalalamika, msichana mmoja wa kikundi akasema, "Si tufanye shindano la chai?" Tulicheka. Lakini alikuwa na hoja. Hapa kambini hata nyumba isiyo na unga haikosi kitu cha kuchemsha mgeni akija.

Tukaweka sheria. Kila mshindani alete chupa moja ya chai. Chai iwe na kiungo, isiwe ya kawaida tu. Waamuzi wawe watatu, na kila mmoja atoe alama kati ya moja na kumi. Zawadi ni kilo tatu za sukari, ambayo tuliichangia robo kwa robo.

Sheria ya pili ilileta kelele siku hiyohiyo. Kijana mmoja wa Sudan Kusini alisema ataleta karkade. Mwenzake akamwambia hiyo si chai. Na kweli, ukienda kwa wataalamu, chai zote za dunia, nyeusi na ya kijani, zinatoka kwenye mmea mmoja unaoitwa Camellia sinensis, ule uliojaa kwenye vilima vya Kericho na Limuru. Karkade ni ua la aina nyingine, linakaushwa, linachemshwa, linatoa rangi kama damu. Kwa hiyo haina jani la chai hata moja. Yule kijana akauliza, "Nyumbani kwetu mgeni akija tunampa hiyo. Sasa tulikuwa tunampa nini miaka yote?" Hatukuwa na jibu. Karkade ikaingia. Mpaka leo kuna watu hawajatusamehe, hasa kwa sababu ndiyo iliyoshinda, lakini hayo ni mambo ya wengine.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 27 Desemba, saa kumi jioni, jua likiwa limepunguza hasira. Waamuzi tulikuwa mimi, mzee mmoja Mturkana anayeleta makaa kwenye bloku yetu, na mama mmoja wa Kihabeshi ambaye ana mkahawa mdogo na anaheshimiwa na kila mtu kwa sababu hacheki ovyo. Mbele yetu chupa sita. Dada wa Kisomali alileta shaah ya maziwa yenye iliki, karafuu na mdalasini, nzito mpaka unahisi unaitafuna. Kijana wa Kihabeshi alileta chai isiyo na maziwa, kwenye vile vigilasi vidogo, mdalasini na karafuu vikinukia kabla hajafika mezani. Karkade nimeshaitaja. Kijana Mrundi alileta ya maziwa na tangawizi ya kusagwa kwenye kinu. Msichana wa Kiturkana alichemsha maziwa ya mbuzi na masala ya chai ya dukani, sukari bila huruma. Na wa sita alikuwa mama jirani yangu, Mkongo mwenzangu kutoka upande wa Fizi, na chai ya rangi yenye mchaichai. Wakenya chai ya rangi wanaiita strungi, na wengi wanaiona ni chai ya mtu aliyekosa maziwa. Kwetu sivyo, ila sitaanza hiyo kesi hapa.

Shida ya kwanza ilitokea kwenye kikombe cha kwanza. Yule mama wa Kihabeshi alipokea shaah, akainusa, akairudisha mezani. Nilisahau kabisa kwamba alikuwa amefunga. Waorthodoksi wa kwao hufunga zaidi ya siku arobaini kabla ya Krismasi yao, na katika mfungo huo hawagusi nyama, siagi wala maziwa. Nikamwambia, "Mama, basi toa alama kwa harufu tu." Akanitazama kama mtoto aliyetukana. "Mimi siwezi kusema kitu ambacho sijameza." Akaacha karatasi yake wazi kwa chai zote tatu za maziwa. Tulilazimika kupiga hesabu ya wastani kwa hizo, na dada wa Kisomali hakufurahi, lakini mama hakubadilika.

Shida ya pili ni ya mzee. Alipoonja ya tangawizi alikunja uso akasema, "Hii ina sabuni." Watu waliangua kicheko. Mzee wa makaa anajua nini kuhusu tangawizi? Mimi na wenzangu tuliokuwa karibu tulionja tena, hatukusikia sabuni yoyote. Mzee akaandika 4 yake, akanyamaza. Siku ya pili kijana Mrundi alinijia pembeni na kuniambia kwamba aliosha chupa yake kwa sabuni ya unga haraka haraka, na bomba lilikuwa limefungwa, hakuwa na maji ya kutosha kusuuza.

Hili la sabuni lilinikumbusha hadithi moja tuliyopewa na mwalimu wa kujitolea nilipokuwa sekondari. Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika insha kuhusu kama kuna ukweli kwenye mambo ya ladha, au kila mtu na ulimi wake. Aliazima kisa kutoka kitabu cha Mhispania Cervantes, Don Quixote. Ndugu wawili wanaitwa waonje divai ya pipa moja. Mmoja anasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Mwingine anasema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma. Watu wanawacheka. Pipa linapokuja kwisha, chini kabisa panaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kamba ya ngozi.

Nilikipenda kisa hicho tangu shuleni, kwa sababu kinamtetea mtu mmoja anayechekwa na wengi. Kinasema ladha si maneno tu. Kuna kitu ndani ya pipa, na kuna ndimi zinazokifikia na nyingine hazikifikii. Wale watu wanaoonja chai kwa ajili ya mnada wa Mombasa wanaishi kwa imani hiyohiyo. Wanapanga vikombe mstari mrefu, wanavuta chai kwa kijiko kwa sauti kubwa, wanaizungusha mdomoni, wanaitema, wanahamia kikombe kingine. Tena kuna kipimo cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa, kinaitwa ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Nilipokisoma kwenye simu nilidhani ni maelekezo ya chai tamu. Kumbe hapana. Kimetengenezwa ili vikombe vyote vifanane, uweze kulinganisha jani na jani. Hawakujali kama mtu ataipenda.

Sasa fikiria mimi nivute chai ya mama jirani kwa sauti halafu niiteme mchangani mbele ya watoto wake. Ningehama bloku. Ndiyo maana nasema kisa cha Hume kinanisaidia nusu tu. Kinaniambia kwamba mzee anaweza kuwa sahihi hata sisi wote tukicheka. Hakiniambii kama alipaswa kusema. Nyuma ya lile pipa hapakuwa na mama aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta kuni.

Nimfikie yeye basi.

Mama huyu ni jirani yangu tangu tulipofika. Nilikuwa mtoto, na nyumbani kukiwa hakuna kitu nilikula kwake bila kuulizwa. Anaishi na wajukuu watatu. Alipopita mbele na chupa yake, nilichokiona kwanza ni mfuniko: umevunjika, ameziba kwa karatasi ya plastiki na kamba ya mpira. Nikakumbuka mambo ya Agosti, jinsi alivyowekwa kwenye kundi ambalo hakulielewa, jinsi alivyokwenda kuuliza na kurudi bila jibu. Nikajua kwamba sukari haimo kwenye mgao, kila kijiko amekinunua. Nikakumbuka deni lake dukani. Haya yote niliyafikiri kikombe kikiwa bado mkononi mwake.

Nikanywa funda moja. Chai ilikuwa nyepesi, rangi ya maji ya kunawa mikono, sukari ya mbali kama habari ya redio. Nikaandika 9.

Mzee akaandika 6. Mama wa Kihabeshi alikunywa kikombe chote, taratibu, akageuza kikombe akatazama chini, akaandika 5. Watu wakanung'unika. Mtu mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Huyu mama ana roho ngumu." Nami, nikiri, nilijisikia mtu mwema sana jioni ile.

Siku mbili hazikupita. Nilikuwa napita na jerikeni, mama jirani yuko mlangoni anachambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia kwa pua. Nikajua kuna kitu. Nikatua jerikeni.

"Weye mutoto," akaanza, "juu ya nini ulinipatia tisa?"

"Mama, chai ilikuwa nzuri."

"Nzuri namna gani?"

Nikatafuta neno. Sikulipata.

"Ile majani nilikuwa nimeichemsha asubuhi," akasema. "Sukari, vijiko tatu kwa chupa muzima. Mi mwenyewe nilionja, ninajua. Weye ulimeza mara moja ukaweka kikombe chini. Ya yule binti Musomali ulikunywa mpaka mwisho, halafu ukamwambia karafuu imezidi, ukamupatia saba. Yule mulimupatia heshima. Mi mulinipatia tisa kama vile munapatia mutu blanketi."

Nilijaribu kusema kwamba nilitaka kumtia moyo. Hakunipa nafasi.

"Mi sikuja kuomba. Nilikuja kushindana."

Ndugu msomaji, nimewahi kukemewa na wazazi, walimu na askari, lakini maneno hayo yalinikaa vibaya kuliko yote. Kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa kosa la kuwa mkali. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosewa kwa kupewa zaidi.

Halafu akanieleza kitu ambacho sikukijua. Mchaichai ule ameupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapotokea, kwa sababu hakuna mahali pengine penye unyevu kwenye joto hili. Alileta shina moja alilopewa na mama mwingine, likashika. Kwao hawaukati vipandevipande wanavyofanya wengi. Wanachukua majani marefu, wanayaponda kidogo kwa jiwe, wanayafunga fundo, wanalitumbukiza fundo baada ya kuepua sufuria, wanafunika. Ukiuchemsha sana, akasema, harufu inakwenda na mvuke na kinachobaki ni ladha ya nyasi. Alijua hana majani mapya wala sukari. Lakini alihesabu kwamba ile harufu peke yake itamfikisha mahali. Alikuwa na mpango. Alikuja na silaha moja na aliipiga msasa.

Na mimi sikuinusa. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuinusa kwa sababu nilikuwa sihitaji. Alama yangu ilishakuwa tayari tangu nilipoona mfuniko uliovunjika. Kusema kweli niliipa tisa ile kamba ya mpira. Chai sikuijua na siijui mpaka leo, maana funda moja nililolimeza lilipita kama dawa.

Watu wengi niliowasimulia wanasema nimezidisha. Rafiki yangu mmoja, tunafanya naye kazi, aliniambia, "Ile ilikuwa sherehe, si mahakama. Kazi ya sherehe ni watu warudi nyumbani wakicheka." Ana hoja, na sitaki kuipita haraka. Sote tumelelewa hivyo: mgeni hasemi chumvi imezidi. Ukikaribishwa ukala, unashukuru, basi. Anayekosoa chakula cha mwenyeji wake hana adabu, hata awe amesema ukweli mtupu. Mtoto wa dada yangu ana miaka saba, juzi alinipikia chai kwa mara ya kwanza, ilikuwa na moshi na majani yanaelea. Nilimwambia ni tamu. Ningeambiwa nirudie leo, ningesema hivyohivyo, wala sioni dhambi.

Lakini naona tofauti moja. Yule mtoto alinipa chai. Mama jirani alinipa chai na akaniuliza swali. Mgeni anadaiwa shukrani. Mwamuzi anadaiwa ulimi wake. Siku ile nilikaa kwenye kiti cha mwamuzi nikajibu kama mgeni, tena mgeni mbaya, kwa sababu hata mgeni angemaliza kikombe.

Ninyi mnaokuja kwetu na madaftari, nadhani mnaijua hali hii kuliko mimi, ila kwa upande wa pili. Mnakaribishwa ndani, mnapewa kikombe, mnasema "nzuri sana" kabla hakijafika mdomoni, kisha mnaondoka kimejaa na nzi wanaanza kazi. Sisi tunacheka mkishapita kona, msidhani hatuoni. Mnakuja kama wageni mkaondoka mkaandika kama waamuzi. Sisemi mna nia mbaya. Mimi mwenyewe nilikuwa na nia nzuri, na tazameni nilichokifanya. Nasema tu kwamba mtu anayetazamwa anajua ametazamwa wapi: kama ni bati la nyumba, kama ni simu aliyoshika, kama ni mfuniko wa chupa.

Nilimuuliza mama kuhusu kundi lake, kama lilimuuma kuliko tisa yangu. Swali la kijinga, lakini niliuliza. Alifikiri akasema kundi linauma tumboni, na wale waliompanga hawamjui, kwa hiyo hawezi kuwakasirikia kwa jina. "Weye ninakujua," akasema. Akarudi kwenye maharage yake.

Sitaki msomaji afikiri kwamba sasa nimegeuka mtu wa kusema kila kitu. Kuna ukatili mwingi unaojificha nyuma ya "mimi nasema ukweli tu". Nimeuona kwa vijana wangu: mmoja anamwambia mwenzake shairi lake ni takataka, ukimuuliza shairi lilihusu nini hajui. Huyo na mimi tumefanya kosa moja, ingawa mimi nilipigiwa makofi. Yeye hakusoma, mimi sikunywa. Narudi kila mara kwa yule mama wa Kihabeshi na karatasi yake wazi. Alikuwa na uwezo wa kutoa namba, watu wote walikuwa wanaisubiri, na angeweza kubahatisha. Alikataa kwa sababu kikombe hakikupita kooni. Halafu kile kilichopita kooni akakipa tano, mbele ya wote, bila kutabasamu wala kununa. Tulisema ana roho ngumu.

Kwa upande mwingine sina uhakika hata na tano yake. Ulimi wake umelelewa na kahawa kali na chai ya viungo vinavyopiga kelele. Je, ulimi kama huo unaweza kusikia mchaichai? Wangu umelelewa na mchaichai, ungepaswa kuusikia, na haukusikia. Nilimuuliza siku moja mkahawani kwake kwa nini tano. Akajibu bila kufikiri: harufu ilikuwa nzuri kuliko zote mezani, mwili wa chai haukuwepo, sukari haikuwepo. Kwa hiyo nusu. Alikumbuka kila kitu, wiki nzima baadaye. Mimi niliyetoa tisa sikuweza kutoa sababu hata moja.

Tarehe 7 Januari mama huyo alifungua mfungo wake na mlango wake. Kulikuwa na nyama, anjera, kahawa ya kuchoma palepale, moshi wa ubani mpaka macho yanawasha. Nilipofika nilimkuta mama jirani ameshakaa, kwenye kiti kizuri karibu na mwenye nyumba, chupa yake yenye kamba ya mpira iko miguuni. Sikujua kwamba wanatembeleana. Hawana lugha moja vizuri, mmoja Kiswahili cha Fizi, mwingine cha mkahawani, lakini walikuwa wanacheka kitu.

Aliponiona alichukua kikombe, akakisuuza, akamimina. Safari hii nilikinusa kwanza. Nikanywa mpaka nusu, nikapumzika, nikamaliza. Wote wawili walikuwa wananitazama, na mtoto mmoja akaacha kula.

"Ngapi?" akauliza mama jirani.

"Sita," nikasema. "Harufu imekaa. Sukari bado ni kidogo, na majani yalikaa motoni muda mrefu, yanakwaruza."

Akamgeukia mwenzake. "Mi nilikuambia sita, si nilikuambia?" Kisha akanyoosha mkono. "Lete hicho kikombe niongeze."